Shahidi wa Usingizi wa Katekista

Mugoma, 9 Novemba 1995

Dada yangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Nategemea barua hii itakukuta mzima hapo Nemba, wewe na shemeji Malongo na mpwa wangu Benedicta, ambaye naambiwa amekuwa mrefu kunizidi. Sisi huku hatujambo kabisa. Maharage yamechanua, mvua ni ya kutosha, na Francisca anakusalimu sana. Alitaka aandike mwenyewe ila ana kazi nyingi, unamjua.

Usishtuke ukisikia kwamba nimeanguka na baiskeli. Nilikuwa nashuka ule mlima wa kwetu kwenda kufundisha wakatekumeni wanaongoja ubatizo, breki zikakataa, nikaishia juu ya meza ya mama mmoja mkimbizi anayeitwa Nyirabahizi, auzaye unga wa msaada kando ya barabara. Ni breki tu. Huyo mama sasa anatangaza njia nzima kwamba nilifika mezani kwake nikikoroma. Mtu amepewa nchi ya kukaa, amepewa turubai, amepewa unga, bado anataka na heshima ya katekista.

Walinipeleka kwenye hema la hospitali la wakimbizi nikashonwe paji la uso. Daktari ni Mzungu mrefu, mikono yake kama miguu ya korongo. Wakati ananishona nilipumzisha macho kidogo, basi akaita wenzake waje kutazama. Eti tangu azaliwe hajaona mtu anashonwa huku analala. Akaanza maswali kupitia kwa nesi: je, unakoroma? Je, asubuhi kichwa kinakuuma? Je, unasinzia ukiwa umekaa? Nikamjibu kwamba mimi ni mtumishi wa Mungu, nikifumba macho ninasali.

Dada, tangu wakimbizi hawa walipovuka mpaka mwaka jana nimeona mengi. Kipindupindu nimekiona, surua nimeiona. Lakini ugonjwa wa kulala! Kama kulala ni ugonjwa, hospitali ianze na watoto wachanga. Sasa daktari ameniandikia karatasi. Anataka nilale hospitalini usiku mmoja, wanifunge mkanda kifuani, wanibane kibanio kidoleni na kunigandisha nyaya kichwani, halafu wao wakae macho wananitazama. Siku hiyo nisinywe kahawa, nisinywe pombe, hata rubisi yetu ya ndizi, nisilale mchana, na nywele nizioshe zisiwe na mafuta. Na nije na mtu anayelala karibu nami, aseme anachokiona usiku. Francisca, kama nilivyosema, ana kazi nyingi.

Nimekataa, ila daktari amemfikia Padri, na Padri ananiangalia vibaya. Kwa kuwa Baba hayupo na wewe ndiye mkubwa wetu, naomba uandike mistari miwili useme kwamba ukoo haukubali mtu wake atazamwe amelala. Barua mpe Nshoma, dereva wa lori la unga, ataifikisha.

Mdogo wako,
Frednand


Nemba, 28 Novemba 1995

Mdogo wangu Frednand,

Milele amina, na marahaba. Sisi hatujambo. Malongo mgongo unamsumbua wakati wa kulima tu, wakati wa kula unapona. Mihogo imekubali. Benedicta kweli ni mrefu, ila siku hizi anaamka na uso wa mtu aliyepigana, nitakuja kukueleza.

Barua yako nimeisoma kwa furaha, hasa pale unaposema Francisca ananisalimu sana. Nimefurahi hivyo kwa sababu Francisca alikuwa hapa hapa uani, amekaa kwenye jamvi, anapukuchua maharage yangu. Nikamsomea. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko muda mrefu, na aliporudi hakuwa anacheka.

Basi wewe mwalimu wa amri kumi, hebu nikumbushe, ile ya nane, ya uongo, inasemaje siku hizi? Au huko Mugoma mmebakiza tisa?

Mkeo yuko kwangu tangu mwezi wa tisa. Alishuka kwenye lori la huyo huyo Nshoma na kifurushi kimoja. Nikamwuliza, wifi, kulikoni? Akaniambia, "Nimekuja kulala tu." Nikadhani ni utani wa mawifi. Akaingia ndani, akalala kutwa nzima na usiku wake, nikawa namchungulia kama mgonjwa. Kwao hakwenda, anasema, kwa sababu kwao wangekudai uje na wazee na mtungi wa rubisi, na wewe ungeaibika. Mke aliyekimbilia kwa wifi yake hajakimbia. Ndivyo anavyosema, na zaidi ya hapo hasemi. Ana akili kuliko wewe, lakini hilo hata mbuzi wangu anaweza kulidai.

Unataka ukoo ukatae. Ukoo ni nani, Frednand? Ukoo ni mimi, na mimi sijakataa kitu. Nenda ukalale. Ni mara ya kwanza nasikia hospitali inamwita mtu akafanye kazi anayoiweza. Na uniandikie umemfanya nini mke wako. Usiniambie ni breki.

Dada yako,
Zita


Mugoma, 21 Desemba 1995

Dada Zita,

Shikamoo. Heri ya Noeli kwenu nyote. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli za Majilio. Kwaya haijui nyimbo, na pango la mtoto Yesu tumelijenga kwa turubai la bluu la wakimbizi, hata Mama Maria anaonekana kama aliyeandikishwa kambini. Kuni zimekwisha kabisa, milima imebaki vipara. Vinginevyo sijambo.

Kuhusu Francisca, sikusema uongo. Salamu ni neno la adabu, mtu huweka salamu za mkewe hata kama hakuagizwa. Ila kwa kuwa umeamua kuchimba, nitakueleza, ujue ni nani mwenye makosa.

Mke wangu ananifinya. Usicheke. Mtu amelala zake, amechoka na kazi ya Mungu, mara anafinywa ubavuni kama anavyofinywa mwizi. Unaamka, unamkuta amekaa kitandani anakutodolea macho. Unamwuliza kuna nini, anasema, "Hakuna, lala." Unalala, anakufinya tena. Miaka, dada! Ndiyo maana mchana nasinzia. Nimesinzia nikifundisha, nimesinzia kwa mgonjwa nikimwombea, mgonjwa mwenyewe ndiye aliyeniamsha. Kosa ni la nani?

Nikalipeleka jambo kwenye jumuiya yetu ya Kikristo, maana jumuiya ndipo tunapopatanishwa. Mwenyekiti wetu ni Adelfina, unamkumbuka, yule mwenye sauti. Walimweka Francisca katikati, wakamwambia mbele ya watu wote kwamba mke mwema hamnyimi mumewe usingizi, na aache kumsumbua katekista. Yeye akainuka akaenda zake nyumbani. Wiki haikwisha akafunga kifurushi. Akaniambia mlangoni, "Haya, lala sasa." Ndivyo ilivyokuwa, na kwa kweli tangu hapo nalala kama mfalme. Hakuna wa kunifinya.

Ila kitu kimoja hakieleweki. Kusinzia kumezidi. Jumapili iliyopita nilikuwa naongoza litania, nikaomba kwa watakatifu watatu au wanne, na nilipofumbua macho watu walikuwa wanangoja, wengine wameshakaa chini. Asubuhi kichwa kinapasuka na mdomo umekauka kama nimelala nikimeza mchanga. Padri ameniita. Amesema ama niende kwa huyo daktari, ama nimpishe mtu mwingine afundishe. Mimi, ambaye nimefundisha hata huyo atakayenirithi!

Unaona sasa jinsi watu wanavyoonewa.

Frednand


Nemba, 17 Januari 1996

Frednand,

Marahaba. Sisi wazima. Barua yako ilikaa na Nshoma kwenye lori siku nyingi kwa sababu mabasi na malori yalizuiwa kabla ya pori, yasubiri msafara wa askari kwa sababu ya majambazi. Nimeipata jana. Imeninyima usingizi, nadhani hapo utapata nafasi ya kucheka.

Nilikuahidi habari za Benedicta. Francisca analala naye kitanda kimoja. Tangu Septemba mtoto amekuwa akilalamika kwamba anafinywa usiku. Mimi nikasema ni ndoto. Nilipomaliza kusoma barua yako nikamwita, nikamwambia avue blauzi nimwone. Ubavu wote una alama. Nikamwita mkeo, nikafunga mlango. Nikamwambia, wifi, leo utanieleza, la sivyo nitakuweka katikati ya jumuiya na mimi, maana nasikia ndiyo dawa.

Ameniambia, na nitakuandikia alivyosema bila kuongeza chumvi. Anasema wewe unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Mkoromo hana shida nao, ameuzoea kama mvua kwenye bati. Ni ule ukimya unaomwamsha. Kifua chako kinapanda kama cha mtu anayevuta hewa, lakini hewa haiingii. Anangoja. Anasali. Wewe bado. Ndipo anakufinya, unashtuka, unavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani, unamwita mchawi, unageuka, unaanza upya. Mara nyingi usiku mmoja, kila usiku, tangu Baba alipofariki na wewe ukaanza kunenepa kwa ubwabwa wa ubatizo. Hapa kwangu anakaa, usiku ukinyamaza tu mkono wake unatafuta ubavu wa mtu. Bado hajui kwamba amepumzishwa kazi.

Nikamwuliza, kwa nini hukumwambia? Akasema alikwambia mwaka wa kwanza, ukamjibu kwamba mtu aliyelala hawezi kuacha kupumua bila yeye mwenyewe kujua. Kwa nini hukuwaambia jumuiya? Akasema, "Wifi, ningesema mbele ya watu kwamba katekista anakufa kila usiku, wangesema mimi ndiye ninayemuua."

Sasa nisikilize, mzaha naweka pembeni kidogo, nitaurudia. Baba alikufa usingizini. Tulisifu, tukasema ni kifo cha mtu mwema, hata shuka hakulikunja. Mama alikuwa ameshatangulia, Baba alikuwa analala peke yake. Tangu jana ninafikiria jambo hilo. Wewe sasa unalala kama mfalme, hakuna wa kukufinya. Naogopa, Frednand. Naogopa kila lori linalosimama hapa.

Nimemwomba Francisca arudi. Amesema hapana, jumuiya imempa amri asimsumbue katekista, na yeye ni mtoto mtiifu wa Kanisa. Kwa hiyo nenda kwa huyo Mzungu. Leo kabla ya kesho. Kama ukoo una neno, neno lenyewe ndilo hilo.

Zita


Mugoma, 20 Februari 1996

Dada Zita,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Sitaki kuijibu yote. Msamehe Benedicta, au mwambie anisamehe, sijui hapo panasemwaje.

Nimekwenda. Nikueleze, maana sijawahi kujiandaa hivi hata kwa ndoa yangu. Nywele nimeoshwa kwa sabuni ya kufulia mara mbili, nikaishia kunyoa kabisa. Kahawa sikugusa. Rubisi niliipita ikiwa kwenye kibuyu pale kwa jirani, nikaisalimia kwa mbali. Kutolala mchana ndiyo ilikuwa kazi. Niliwaambia wakatekumeni wangu kwamba wakiniona nimefumba macho wanichokoe na fimbo. Dada, sijapata kuona wanafunzi wenye bidii namna ile. Walinichokoa hata nilipopepesa.

Jioni nikafika hospitalini. Wakanipa chumba cha peke yangu, jenereta inanguruma nje, wakanifunga nyaya kichwani na mkanda kifuani, na kirija kidogo chini ya pua. Nesi akaniuliza, "Mzee, shahidi wako yuko wapi?" Nikamwambia ana kazi nyingi. Akaandika kitu.

Kosa langu lilikuwa moja. Siku ya Alhamisi kwenye jumuiya nilikuwa nimeomba wanikumbuke katika sala, kwa kuwa nitalala hospitalini na watu watakesha wakinitazama. Nilisema hivyo tu. Wewe unatujua. Mgonjwa wetu akilazwa haachwi peke yake, na hao walishasikia kwamba wageni, tena Wazungu, watakesha naye. Je, sisi tulale? Ndiyo kwanza nasikia usingizi unanijia, nikasikia "Salamu Maria" dirishani, sauti ya Adelfina. Wamekuja jumuiya nzima, na mikeka, na uji kwenye chupa, na rozari shingoni. Wamesali mafumbo yote ya furaha, ya uchungu na ya utukufu, kisha wakaanza nyimbo za Kwaresima ingawa Kwaresima ilikuwa bado. Daktari akafungua dirisha kuwanyamazisha. Wakadhani anajiunga nao, wakampa rozari. Nesi akatoka kuwaeleza kwamba mgonjwa anatakiwa alale. Adelfina akamjibu, "Alale tu, sisi tunamwombea alale." Wakapandisha sauti.

Mpaka alfajiri sikulala hata kidogo. Ni usiku wa pekee mwaka huu ambao katekista Frednand amekesha, na mashine imeandika yote. Daktari alikuwa mwekundu kama nyanya. Amesema atanijaribu mara moja ya mwisho mwishoni mwa Machi, kisha mashine inahamishwa na yeye mwenyewe anaondoka. Na safari hii bila shahidi hanipokei. Anasema mashine inajua pumzi, lakini haijui miaka.

Kwa hiyo nimemtuma Nshoma na mtungi wa rubisi, mzuri, nimeuchagua mwenyewe. Umpe Francisca. Mwambie kwamba, basi, mtungi ndio huo. Mimi sijui niseme nini zaidi.

Frednand


Nemba, 11 Machi 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Tupo. Jumuiya yako imenichekesha mpaka Malongo akaja kuuliza kama nimefiwa. Mwambie Adelfina kwamba siku nikitaka nisilale nitamwita.

Mtungi umefika. Yaani, mtungi umefika, rubisi ilibaki njiani. Umeweka pombe mpya kwenye mtungi uliozibwa kwa majani ya mgomba, ukaupandisha kwenye lori, ukaupitisha kwenye mashimo yote ya barabara ya Ngara mpaka Biharamulo kwenye jua, ulitegemea nini? Nshoma anasema kwenye pori kizibo kililipuka kama bunduki, askari wa msafara wakalala chini wote. Kilichobaki kilijaa bakuli. Malongo amekinywa kwa niaba ya ukoo.

Na tangu lini, Frednand, mke anarudishwa kwa lori? Huyu ni unga wa msaada? Mtungi huletwa na mume kwa miguu yake, na mzee pembeni yake, na kinywa cha kusemea. Ulituma mtungi kwa sababu mtungi hauulizwi maswali.

Nilimwonyesha. Aliuinua, akautikisa, akauweka. Akasema, "Hata rubisi yake inakosa pumzi." Nikacheka, yeye hakucheka. Akaendelea na mihogo yake. Jioni akaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba atakwenda. Nikamwambia, wifi, si ulikuwa umenuna? Akasema, "Nimenuna bado. Ila nikimwacha afe, nitamnunia nani?"

Lakini ana sharti, nami nalitia saini. Wale watu walioambiwa kwamba ananyima mtu usingizi waambiwe kilichokuwa kinatendeka. Wote, pale pale walipomweka katikati, na wewe ndiye useme, si Padri wala mimi. Na hatakuja nyumbani Mugoma. Atashuka kwenye basi na kwenda hospitalini moja kwa moja. Baada ya hapo ataona. Nimemwuliza ataona nini, akasema ataona.

Wewe una mdomo wa kufundisha Utatu Mtakatifu ambao hata Padri haufahamu vizuri. Sentensi moja kuhusu mke wako haiwezi kukushinda.

Zita


Hospitalini, Ngara, 30 Machi 1996

Dada Zita,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda, karatasi iko kwenye goti, usilaumu mwandiko. Nshoma anashusha unga hapo chini, amesema atanisubiri kidogo.

Nilisema. Ilikuwa Alhamisi. Nilisimama, nikawaambia kwamba usiku huwa naacha kupumua na kwamba Francisca ndiye amekuwa akinirudisha, miaka yote, na mimi nikaja kumshitaki hapa kwa wema huo. Adelfina akaniuliza kama nimelewa. Nikamwambia sijagusa rubisi, ni mojawapo ya masharti. Halafu wakasema basi jumuiya nzima ije hospitalini kumpokea kwa nyimbo. Nikawaambia atakayeonekana karibu na dirisha lile, ubatizo wa wajukuu zake akauombe kwa Walokole. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe, na hawakuja.

Jana jioni nimemkuta Francisca amekaa kwenye benchi la mapokezi, na kifurushi chake. Amekonda. Sikujua nifanye nini na mikono. Nikasema, "Umefika?" Akasema, "Si unaniona?" Ndiyo salamu yetu ya miezi sita.

Nesi akamwuliza anachokiona usiku. Nilidhani atasema maneno mawili, maana kwangu husema mawili. Dada, alisema mpaka nesi akabadilisha karatasi. Alieleza ukimya, alieleza jinsi anavyojua ukimya wa kawaida na ule mbaya, jinsi anavyoninyanyua bega, kwamba kufinya ni pale bega linaposhindikana. Alisema kuna usiku mmoja, mwaka ule wa njaa, ambapo alifinya na sikurudi, akanipiga ngumi kifuani na kupiga kelele, nikarudi. Mimi asubuhi ile nilimkaripia kwa kuniumiza. Naikumbuka. Nilikuwa naikumbuka kama kosa lake. Daktari alikuwa akitafsiriwa kila neno, na Francisca alipomaliza, yule mtu mrefu alisimama akampa mkono.

Kisha wakanifunga nyaya. Daktari akamwambia Francisca, kupitia kwa nesi: "Mama, leo usifanye kitu. Mashine inatazama, nami natazama. Ukisikia kimya, mwache." Francisca akamwuliza nesi mara mbili kama amesikia vizuri. Akaja kukaa kitanda cha pili, nami nikalala.

Matokeo yako hivi: naacha kupumua, kweli, na kwa muda mrefu kuliko daktari alivyotaka kuniambia. Koo linajifunga. Kwao kuna mashine ya kupuliza hewa usiku kucha, lakini inataka umeme usiku kucha, na sisi tuna umeme pale Padri anapopata dizeli. Kwa hiyo natakiwa nipungue, niache rubisi, nilale ubavu, na nishonewe gunzi la mhindi mgongoni mwa shati ili nikilala chali linichome. Katekista na gunzi mgongoni. Haya, endelea, cheka, nakungoja. Baiskeli nimekatazwa mpaka nipone kusinzia. Kufundisha Padri ameniachia, mradi nifundishe nikiwa nimesimama.

Lakini sikutaka kukuandikia hayo. Nilipoamka asubuhi walikuja kunivua nyaya, Francisca amelala kitanda cha pili na viatu vyake miguuni. Daktari akaniambia kwamba alilala mara tu alipoona mashine inawaka, na hakugeuka hata mara moja. Mimi usiku kucha nakata pumzi pale pale kando yake, naye hakusikia. Sijawahi kumwona amelala, dada. Miaka yote ile, kila nilipofumbua macho nilimkuta yuko macho, nikaona ni tabia yake. Uso wake ukilala ni wa mtu mwingine, wa msichana. Nimelia, na nesi ameona, na sijali.

Sasa jua limepanda. Wanataka chumba, kuna mgonjwa mwingine. Nesi amekuja kumwamsha, nikamkatalia. Akaja tena na bosi wake, nikawakatalia wote wawili, nimesimama mlangoni. Nikaambiwa kwamba nasumbua hospitali.

Sijui akiamka atakwenda na mimi Mugoma au atapanda basi kurudi kwako. Hajasema, nami sitamwamsha nimwulize.

Mdogo wako,
Frednand